Namna ya kumsoma J.G. Ballard bila kukitupa kitabu: mwongozo kamili

Kila ninapompendekeza J.G. Ballard, mwandishi Mwingereza wa riwaya na hadithi fupi, kwa wasomaji, malalamiko yanayorudi ni yale yale. Mmoja alianza na Crash, akasoma kurasa chache, akakificha kitabu ili watoto wasikione. Mwingine alichukua The Atrocity Exhibition kwa kuwa ni chembamba, akadhani ameuziwa nakala iliyochapwa vibaya. Wa tatu alijikaza mpaka mwisho wa High-Rise, riwaya ya wakazi wanaogombana ndani ya jengo lao refu, kisha akauliza: "Kwani walishindwa kuhama?"

Swali la huyu wa tatu ni zuri kuliko yeye anavyodhani. Akipata jibu lake amempata Ballard, na mwongozo huu umepangwa kumfikisha hapo.

Kinachowakwamisha wengi si Kiingereza, bali ni mazoea. Shuleni tulizoezwa kuisaka dhamira, kumweka mhusika mwema upande huu na mbaya upande ule, kisha kumalizia na "mafunzo tuyapatayo". Kwa waandishi wengi njia hiyo inafika. Kwa Ballard inakatika katikati, kwa sababu wahusika wake hawapambani na janga. Wanalizoea, kisha wanalipenda, mwishoni wanalitetea. Ukikaa unasubiri shujaa aamke akomboe watu, utasubiri mpaka jalada la nyuma.

Basi kuanzia sasa acha kuuliza "Ataokokaje?" Uliza: "Anapata nini humu ambacho kule nje hakukipata?" Swali hilo liandike ndani ya jalada la kila kitabu chake utakachoshika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Hadithi fupi nne. Ni "The Drowned Giant", "Billennium", "The Subliminal Man" na "The Intensive Care Unit". Zote zimo katika The Complete Short Stories, mkusanyo uliotoka mwaka 2001. Ni kitabu kinene kama tofali, lakini usitishike, kwani unahitaji hizo nne tu.

Riwaya tatu. High-Rise (1975), Empire of the Sun (1984) na Crash (1973), kwa mpangilio huo huo. Usifuate miaka ya kuchapishwa.

Miracles of Life. Ni maisha yake alivyoyaandika mwenyewe, na yalichapishwa 2008, mwaka mmoja kabla hajafariki. Utayahitaji katika hatua ya nne.

Daftari, kalamu na kamusi. Kamusi iwe yenye maneno ya mwili wa binadamu na ya magari. Ballard hataji "mguu" pale anapoweza kutaja mfupa.

Ramani ya London kwenye simu. Weka alama Shepperton, uwanja wa ndege wa Heathrow na barabara ya juu iitwayo Westway. Sehemu kubwa ya vitabu vyake imo ndani ya pembetatu hiyo.

Usichohitaji ni The Wind from Nowhere, riwaya yake ya kwanza. Aliiandika harakaharaka kwa ajili ya pesa, na baadaye akaikana. Ukiikuta kwa bei nafuu, iache hapo hapo.

Wala usianze na filamu. Empire of the Sun ilitengenezwa na Steven Spielberg mwaka 1987, Crash na David Cronenberg mwaka 1996, na High-Rise na Ben Wheatley mwaka 2015. Filamu inakupa sura za watu na muziki wa kukuambia uhuzunike wapi. Ballard hakupi muziki, na kuukosa huko ndiko unakokwenda kujifunza.

## Hatua ya 1: Zoeza sikio

Anza na "The Drowned Giant" ya mwaka 1964. Tufani imeleta maiti ya jitu ufukweni. Watu wa mji wanakuja kuitazama, mwanzoni kwa woga. Kisha wanaipanda na kuichezea, mwishowe wanakuja watu wa viwanda na zana zao, wanaikata vipande wakaitengeneze mbolea. Anayesimulia anafanya kazi maktaba, na anaeleza yote kama mtu anayejaza taarifa ya ofisi. Hakuna anayejisumbua kuuliza jitu lile lilitoka wapi.

Soma polepole, na sikiliza sauti. Jambo linapozidi kutisha, sentensi inazidi kutulia. Ballard alisomea udaktari miaka miwili Cambridge kuanzia 1949, akapasua maiti, akaacha. Sauti ile ya chumba cha kupasulia haikumtoka. Usipoizoea hapa, penye jitu la kubuni, utaishindwa baadaye penye miili ya watu.

Kisha soma "Billennium" (1961). Jiji limefurika hadi sheria inampimia kila mtu mita nne za mraba za kuishi, na kuna fununu kwamba zitapunguzwa. Vijana wawili, Ward na Rossiter, wanagundua chumba kikubwa kilichosahauliwa nyuma ya ukuta. Aliyewahi kupanga chumba kimoja mjini, ndugu wakaanza kuja "kwa siku mbili tatu tu", ataona mwisho unakuja kabla ya msomaji aliyekulia kwenye nyumba yenye bustani.

"The Subliminal Man" (1963) inahusu mabango makubwa ya barabarani yanayowaamuru watu kununua bila wao kujua. "The Intensive Care Unit" (1977) inahusu mume, mke na watoto ambao hawajawahi kukaa chumba kimoja. Wameoana, wamezaa na kulea kwa njia ya kamera na skrini, hadi siku baba anapopendekeza wakutane ana kwa ana. Iliandikwa kabla watu wa kawaida hawajaanza kupigiana simu za video.

Sababu ya kuanza na hadithi fupi ni kwamba hapa Ballard anaweka jambo moja mezani na kulifuata hadi mwisho wake. Kwenye riwaya ataweka matano.

Tahadhari: usisome zote nne usiku mmoja. Ubaridi wake unalewesha, na kufikia ya tatu utakuwa husikii tena.

Utajua umefaulu pale utakapojikuta unacheka peke yako. Ballard ni mcheshi, ila anakutolea kichekesho bila kutabasamu. Kama umemaliza hadithi nne hujacheka hata mara moja, rudia "Billennium".

## Hatua ya 2: Fungua ukurasa wa vitu vinavyojirudia

Hatua hii ni fupi, na watu wengi huiruka kwa hasara yao. Chora safu tatu kwenye daftari. Ya kwanza iwe ya vitu: bwawa la kuogelea lililokauka maji, ndege iliyoachwa, hoteli tupu, barabara ya juu, gari lililobondeka. Ya pili iwe ya kazi za wahusika, na hapo utaandika daktari, daktari, msanifu majengo, rubani, daktari. Ya tatu iwe ya lile swali letu: huyu anapata nini?

Ballard anarudia vitu kwa makusudi, kama mshairi anavyorudia kibwagizo. Msomaji asiyeandika huona kwamba mwandishi ameishiwa. Anayeandika huona kwamba bwawa lile lile lina maana nyingine kila linapotokea.

## Hatua ya 3: Panda High-Rise ghorofa kwa ghorofa

Jengo lina ghorofa 40 na nyumba 1,000, nalo ni moja kati ya matano yanayofanana, kwenye eneo la bandari za zamani za London kando ya mto Thames. Mwaka 1975 kitabu kilipotoka, maghala ya eneo hilo yalikuwa yanakufa. Mnara mrefu wa Canary Wharf unaouona leo kwenye picha za London ulimalizika 1991. Ballard alikuwa ameshawahamishia matajiri huko kwenye karatasi.

Sentensi ya kwanza inamwonyesha Dakta Robert Laing amekaa kwenye baraza la nyumba yake akila mbwa, huku akiyatafakari mambo ya miezi mitatu iliyopita. Simama hapo. Mwandishi amekupa mwisho mwanzoni, na kukupa pia jina la atakayebaki. Maana yake hataki usome kwa hamu ya "nini kitatokea". Anataka utazame namna mtu mwenye digrii anavyofika pale hatua kwa hatua, kila hatua ikionekana ya busara.

3.1. Chora jengo. Piga mstari wima wenye alama 40. Weka Laing ghorofa ya 25, Richard Wilder, mtengenezaji wa vipindi vya televisheni, ghorofa ya 2, na Anthony Royal, mmoja wa wasanifu wa jengo, ghorofa ya 40. Sura zinazunguka kati ya hawa watatu. Kila sura ikianza, andika nani yuko wapi usiku huo. Bila mchoro huu, sura za katikati zitakuwa vurugu tupu. Ukiwa nao utaona mmoja anapanda, mmoja amekaa juu akioza pamoja na kazi yake, na mmoja hatoki pale alipo.

3.2. Weka mipaka. Pigia mstari ghorofa ya 10, yenye duka kubwa, benki, shule ya watoto na bwawa, kisha ghorofa ya 35, yenye bwawa la pili. Ndiyo mipaka ya nchi tatu zitakazozaliwa. Chini wana watoto, juu wana mbwa, na ugomvi unaanzia hapo, kwenye kelele za watoto bwawani na mikojo ya mbwa kwenye lifti.

3.3. Hesabu nani hayumo. Hakuna maskini ndani ya jengo hili. Wa chini kabisa ni wahudumu wa ndege na mafundi wa filamu, wa kati ni madaktari na wanasheria, wa juu ni wafanyabiashara na waigizaji. Wote walilipa kuingia. Msomaji anayetafuta wanyonge wakiwapindua mabwana hapa atapotea, kwa kuwa Ballard amewachukua watu wanaolingana karibu kwa kila kitu, akatazama wakijitengenezea tofauti kutokana na lifti.

3.4. Fuatilia mlango wa nje. Hili ndilo zoezi lenyewe. Kila mhusika anapotoka nje ya jengo, au anapoweza kutoka akaacha, weka alama pembeni. Mwanzoni watu wanakwenda kazini asubuhi wakiwa na suti, kama kawaida. Hakuna aliyefunga lango. Alama zinaanza kupungua. Laing anakwenda chuoni anakofundisha, anarudi mapema, kisha siku moja anageuka njiani.

Hapo ndipo jibu la "kwani walishindwa kuhama?" lilipo. Hawakushindwa. Kule nje walikuwa na cheo, mke aliyeachwa, heshima ya kulinda, sura ya kuonyesha majirani. Ndani ya jengo, teknolojia inayowapa maji, umeme, hewa na ulinzi imewaondolea kazi ya kuwa wastaarabu, na wameonja likizo hiyo. Huduma zinapoharibika moja baada ya nyingine, wao wanaona aibu mgeni akijua, si kwa sababu wanateseka, bali kwa sababu wanafurahia.

Tahadhari: kuna ukatili dhidi ya wanyama na dhidi ya wanawake, na Ballard haulaani. Ukikuudhi, una haki. Mimi pia naona wanawake wa kitabu hiki wanapewa nafasi ndogo kuliko wanayostahili hadi karibu na mwisho, ambapo wanaibuka na mpango wao wenyewe, na mpango huo ni wa kuogofya kuliko wa wanaume wote.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu ambaye hajasoma, kwa sentensi mbili, kwa nini Laing anaonekana mtu aliyetulia kuliko wote mle ndani. Ukianza sentensi na "Ballard anatuonya kwamba…", rudi 3.4.

## Hatua ya 4: Rudi Shanghai

Sasa ndiyo wakati wa Empire of the Sun, si kabla. Ukiisoma kwanza utaona riwaya nzuri ya vita na kuishia hapo. Ukiisoma baada ya High-Rise utashtuka.

Ballard alizaliwa Shanghai tarehe 15 Novemba 1930. Baba yake alikuwa mkubwa katika kampuni ya Kiingereza ya kuchapa vitambaa. Walikaa nyumba yenye watumishi na dereva. Wajapani walipowakusanya Wazungu wa mataifa adui, familia ilipelekwa mwaka 1943 kambi ya Lunghua, ikakaa huko hadi vita vilipokwisha 1945. Kambi ilikuwa na watu karibu 2,000. Jengo la High-Rise lina wakazi 2,000. Andika hilo kwenye daftari, pembeni ya bwawa lililokauka.

Mvulana wa riwaya, Jim, anatenganishwa na wazazi wake, anazurura katika nyumba walizozihama Wazungu wenzake, na anapofika kambini anapata kitu ambacho hukukitarajia: uhuru. Anawahusudu marubani wa Kijapani. Anajua njia za kupata viazi. Watu wazima waliokuwa wakimwamuru wamenywea. Vita vinapokaribia kwisha, anaogopa amani.

Soma ukiwa na lile swali, na jibu litakujia kutoka kwa mtoto wa miaka kumi na kitu. Kumbe madaktari na wasanifu wote wale wa London, waliokaa kwenye magofu wakikataa kutoka, walikuwa Jim aliyevalishwa suti.

Tahadhari: usiichukue riwaya kama shajara. Ballard wa kweli alikuwa kambini pamoja na baba, mama na dada yake, katika chumba kimoja kidogo. Aliwaondoa wazazi kwenye riwaya kwa sababu, kama anavyoeleza katika Miracles of Life, hali ile iliwavua uwezo wa kuwa wazazi. Soma sura za Shanghai za kitabu hicho mara tu baada ya riwaya, ukilinganisha. Ni somo zuri la namna mwandishi anavyohamisha ukweli kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Riwaya hii ndiyo iliyompa wasomaji wengi, ikaingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka 1984. Wahakiki waliokuwa wakimwona kichaa walipumua: kumbe ana sababu. Mimi siipendi faraja hiyo. Shanghai inaeleza picha zake zilikotoka, haiziondolei makali.

Utajua umefaulu ukirudi kwenye safu ya tatu ya daftari na kukuta unaweza kufuta majibu ya zamani, uandike mapya.

## Hatua ya 5: Ingia Crash kwa utaratibu

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Tahadhari, na hii si ya mapambo: kitabu hiki kinaeleza ngono na majeraha waziwazi, mara nyingi ndani ya sentensi moja. Kama umefiwa kwa ajali ya gari, au bado unaiota ajali yako, kiache. Ballard atakusubiri. Wala si kitabu cha kumpa kijana wa sekondari kwa sababu "ni fasihi". Mtu aliyekisomea nyumba moja ya uchapishaji aliandika kwamba mwandishi huyu amepita uwezo wa daktari wa akili, msichapishe. Ballard alilichukua hilo kama sifa.

5.1. Jua anachochunguza. Aprili 1970, kabla ya kuandika riwaya, Ballard alipanga maonyesho London: magari matatu yaliyobondeka kwenye ajali, yamewekwa katika ukumbi wa sanaa kama sanamu, bila maelezo. Aliandaa divai, akatazama wageni. Walilewa haraka, wakayavunja vioo na kuyamwagia divai magari ambayo mtaani wangeyapita bila kugeuka. Kwake hayo yalikuwa majibu ya jaribio: kuna kitu watu wanakihisi mbele ya chuma kilichokunjamana, na hawakisemi. Riwaya ni ripoti ndefu ya kitu hicho.

5.2. Usitapeliwe na jina. Msimulizi anaitwa James Ballard na anaishi karibu na Heathrow. Mwandishi amejitumbukiza mwenyewe ili usipate mahali pa kusema "hao ni wagonjwa". Anayewavuta wote ni Vaughan, mtu wa makovu na kamera, anayeota kufa kwa kugongana na gari la Elizabeth Taylor.

5.3. Soma kidogo kidogo. Sura moja, au mbili, kisha funga. Usisome kitandani. Kitabu kinarudia kwa makusudi, na urudiaji huo ukiumeza kwa mkupuo unageuka kelele.

5.4. Fanya zoezi la viambajengo. Chagua aya moja yoyote. Pigia mstari kila neno la mwili kwa rangi moja, na kila neno la gari kwa rangi nyingine. Utakuta ukurasa umegawanyika karibu sawa, na sauti haibadiliki inapovuka kutoka usukani kwenda kifuani. Hiyo ndiyo hoja ya riwaya, imefanywa kwa sarufi badala ya hotuba: watu hawa hawajui tena wao wanaishia wapi na gari linaanzia wapi.

5.5. Usikimbilie utangulizi. Matoleo mengi yana utangulizi ambao Ballard aliuandika kwa ajili ya toleo la Kifaransa la 1974, akisema kitabu ni onyo. Wasomaji wanaotafuta funzo huukumbatia na kupumua. Lakini baadaye aliyarudisha maneno hayo, akasema kitabu si onyo hata kidogo. Kwa hiyo usome mwishoni, ukijua kwamba mwandishi mwenyewe aliwahi kujaribu kukigeuza kitabu chake kuwa hadithi yenye mafunzo, na akashindwa.

Kuna jambo moja la kweli ambalo lingekuwa la kipuuzi kama lingekuwa la kubuni. Muda mfupi baada ya kumaliza kuandika, tairi la gari lake lilipasuka karibu na daraja la Chiswick, likapinduka naye ndani. Alitoka mzima.

Utajua umefaulu si kwa kukipenda kitabu. Wapo wasomaji wazuri waliokimaliza na kukichukia. Umefaulu kama, siku mbili baadaye, ukiwa kwenye foleni na ajali iko mbele, utaona kila dereva anapunguza mwendo kutazama, na utajua wewe pia unapunguza kwa sababu gani.

## Ukikwama

Ukikwama kwa sababu *hakuna kinachotokea*, tafuta kitu kimoja kilichobadilika mahali penyewe: taa, maji, takataka, njia. Kwa Ballard mahali ndipo panapotenda, watu wanafuata.

Ukikwama kwa sababu *wahusika wote wanaongea sawa*, uko sahihi. Mazungumzo yake ni makavu na mara nyingine ni mabaya kabisa. Yapite haraka.

Ukikwama kwa sababu *huwezi kumvumilia mtu yeyote humo*, badilisha kitabu: chukua Concrete Island (1974). Ni kifupi. Msanifu majengo Robert Maitland anapasukiwa tairi, gari lake Jaguar linaanguka kwenye kipande cha ardhi chenye majani kati ya barabara kuu za London magharibi, na yeye ameumia, hawezi kupanda ukingo. Maelfu ya magari yanapita juu yake kila saa. Hakuna linalosimama. Wengi wanaolikataa jengo na kulikataa gari wanakubali kisiwa hiki.

## Hatua ya 6: Chagua njia moja, si zote

Baada ya hapo una njia tatu.

Unayependa ulimwengu unaozama chukua The Drowned World (1962). Joto la jua limeyeyusha barafu, London iko chini ya maji na mijusi, na Dakta Kerans, badala ya kukimbilia kaskazini penye ubaridi na wenzake, anavutwa kusini kwenye jua. Iliandikwa kabla ya mazungumzo ya leo ya tabianchi, na sababu ya joto humo si moshi wetu, kwa hiyo usiitumie kama ushahidi kwenye mabishano.

Unayefanya kazi ofisini chukua Super-Cannes (2000), ambapo katika makazi ya kampuni kubwa kusini mwa Ufaransa, daktari wa akili anawaandikia wakurugenzi waliochoka dozi ndogo za ukatili ili wapate nguvu ya kazi. Riwaya zake za miaka ya mwisho zinafanana sana. Hii ndiyo bora, na mbili zikitosha hakuna haja ya ya tatu.

Njia ya tatu ni Afrika yake, na hapa nakupa tahadhari. The Crystal World (1966) iko Kameruni, msitu unageuka vito. The Day of Creation (1987) inamfuata Dakta Mallory na mto uliozuka penye ukame katikati ya bara. Vyote viwili vina kurasa za kupendeza macho, lakini Waafrika humo ni mandhari zaidi kuliko watu. Soma ukijua hivyo, na usiende huko kwanza ukamhukumu kwa hivyo vitabu peke yake.

## Hatua ya 7: Fungua The Atrocity Exhibition popote

Hiki ndicho kilichomshinda yule msomaji wa "nakala mbovu". Kilitoka 1970, na mchapishaji wake wa Marekani aliharibu karibu nakala zote kabla hazijafika madukani. Hakina msuko. Mhusika mkuu anabadilika jina kutoka sura hadi sura: Travis, Talbot, Traven. Aya fupi fupi, kila moja na kichwa chake, zinawarusha pamoja Kennedy, Marilyn Monroe, vita vya Vietnam na hesabu za maabara. Aliyewahi kumaliza Nagona ya Kezilahabi ana mazoezi ya kutosha ya kutembea bila kushikwa mkono, wengine watayapata hapa.

Tafuta toleo lenye maelezo ya Ballard mwenyewe, yaliyoongezwa mwaka 1990. Huyo aliyeandika fumbo anakaa pembeni ya ukurasa anapiga soga, anaeleza jina hili lilitoka wapi na picha ile aliiona wapi. Mara nyingi maelezo yana joto kuliko kitabu.

Na fuata ushauri aliowapa wasomaji wanaoogopa umbo lake: usianzie ukurasa wa kwanza. Fungua kurasa hadi aya moja ikukamate jicho. Ikikuvutia, soma zinazoizunguka, mbele na nyuma. Ikikataa, endelea kufungua. Weka tiki ya penseli kila aya uliyosoma. Ukiona tiki zimejaa nusu ya kitabu, rudi mwanzo usome kwa mfululizo, sasa ukiwa na nyuso za kuzitambua njiani.